Pembetatu Iliyofunikwa Rangi Nyeupe

Jumapili. Mvua inataka kunyesha na haitaki. Nina hasira, halafu nikikaa kidogo hasira inageuka machozi.

Jana tulimaliza matanga ya Baba, mwaka mmoja tangu tumzike. Nilifunga karakana yangu ya uchoraji mtaani Cibitoke mapema, nikapanda mtaa wa Gihosha kwa Mama kupanga viti sebuleni. Ukutani, mchoro wangu ulioning'inia hapo ulikuwa mweupe mtupu. Mama alikuwa ameupaka rangi ya ukuta, mara mbili, bila kuniambia.

Ulikuwa pembetatu ya bluu na duara dogo la njano katikati, basi. Niliuchora juma lile la mazishi, wakati hata kusali nilikuwa siwezi. Pande tatu ni Utatu Mtakatifu. Duara ni marehemu Baba, amezungukwa kila upande, hana pa kuangukia.

Wanawake wa kikundi cha maombi walikuja Alhamisi kupanga mambo ya chakula, wakauona. Pembetatu yenye kitu kama jicho! Wakamwambia Mama kwamba ile ni alama ya Frimasoni.

«Sikutaka batu baseme papa yako alikuwa mu mambo ya shetani,» Mama aliniambia. «Mi nililinda jina yake.»

Alifanya kwa mapenzi. Ndiyo maana sina wa kumlaumu.

Isipokuwa mimi. Kabla sijamletea Mama mchoro huu niliuonyesha kwenye maonyesho mjini, na wageni niliwaeleza maana yake mpaka sauti ikakauka. Mama aliufuta vumbi karibu mwaka mzima, na sikumweleza hata siku moja. Nilimwona mtu wa rozari tu, nikadhani hataelewa. Naona aibu kuandika hivi.

Watu walipoondoka jana, akaniuliza: «Sasa kale ka njano kalikuwa nini?»

«Ni papa,» nikasema. «Yuko mu mikono ya Mungu.»

Mama alichukua kitambaa, akakilowesha mafuta ya taa, akaanza kusugua ule weupe. Rangi ilikuwa imeshakauka. Akaendelea kusugua huku akisema pole, pole, na sikujua anamwambia nani, mimi au Baba. Ilibidi nimshike mkono ndipo akaacha.

Maneno yenyewe yalikuwa machache hivyo. Nilikuwa nayo mwaka mzima. Kwa nini sikumpa?