Gambuti za Baba

Nateete, Kampala
Jumapili, tarehe 12 Mei 2024

Kwa dada yangu mpendwa Emérence,

Leo natimiza mwaka mmoja na miezi minne tangu nilipotoka Luvungi. Hamjambo wote hapo nyumbani? Watoto wanaendeleaje na kikohozi? Mimi ni mzima, isipokuwa mgongo, maana kuchimba mifereji si kazi ya kuuhurumia mgongo.

Barua yako nimeipokea mkononi mwa Annick, yule mfanyabiashara wa vitenge, naye ndiye anayekuletea hii. Ningeweza kupiga simu, lakini kwa simu ningesema nusu tu.

Umeniambia kidonda cha baba kimerudi na mguu umevimba, na kwamba muuguzi ametaja kukata kidole. Umeniambia pia baba anajilaumu mwenyewe, eti alizama kwenye tope la mpunga mpaka maji yakaingia kwenye gambuti kwa juu. Halafu akakuuliza kama udongo wa Kampala ni mweusi, nawe ukashangaa swali hilo limetoka wapi. Nitamjibu.

Unakumbuka ulinitumia uzi wenye fundo, kipimo cha mguu wake, kwa sababu muuguzi alisema kidonda kisiguse maji. Uzi ule ulilingana na mguu wangu sawasawa. Basi nikanunua sokoni hapa gambuti, hizi buti ndefu za mpira, jozi mbili za namna moja, nyeusi, za kwake na za kwangu. Muuzaji aliapa kwamba hata ziwani haziingizi maji.

Za kwangu niliingia nazo mferejini siku mbili tu. Siku ya pili soksi zililowa chepechepe. Obwona, Mwacholi ninayechimba naye, alinicheka akaniuliza nimefuga samaki gani humo ndani, na kama wamekua aniletee mafuta ya kukaangia. Abudu, msimamizi wetu, alisema angalau maji yangu yamepata nyumba.

Nilikuta ufa mwembamba pale mguu unapojikunja. Nikapaka gundi ya kuzibia matairi, nikazijaza maji, nikazitundika ukutani mpaka asubuhi. Halikudondoka hata tone. Lakini dada, kiatu kilichotundikwa hakijikunji. Ufa ule hufunguka mtu anapopiga hatua, na mimi nilijua hivyo.

Sasa nakuambia lile ambalo simu isingelibeba. Wiki ile mvua haikukatika, na Annick alikuwa anaondoka. Nilizisugua zile zenye ufa kwa sabuni na mswaki, nikazifuta mpaka zikang'aa, nikazitia kwenye mfuko wa baba. Zile nzima nikavaa mimi. Nilijiambia zimeshapona. Kama kweli niliamini, mbona sikuzivaa mwenyewe?

Tope la mfereji wetu ni jeusi, dada, jeusi kama oili chafu. Lazima lilibaki kwenye mikunjo ya soli bila mimi kuona. Baba aliliona. Alijua zimeshavaliwa, na akasema amezama ili jina langu lisitajwe vibaya. Tangu nisome maneno yako, kila nikiingia mferejini na miguu mikavu naona aibu.

Nakuomba umsomee barua hii yote, usiruke mahali. Mjibu kwamba ndiyo, udongo ni mweusi. Akitaka kunitukana, mwache anitukane, ila akubali kwenda kwa muuguzi kila siku na asiguse tena shamba.

Abudu nimeshamuaga, narudi nyumbani. Obwona aliuliza nani sasa atamchekesha, kisha akanisaidia kuziosha zile gambuti nzima. Naja nazo, ni za baba atakapopona. Zile zinazovuja usizitupe, ziweke mlangoni. Mpunga wa msimu huu nitauingia mimi, nikiwa nimezivaa hizo.

Msalimie mama mkwe wako, na watoto wote kwa majina yao. Baba mshike mkono kwa niaba yangu, kama atakubali.

Ni mimi mdogo wako,
Bienfait

Nitafika Jumamosi, tarehe 1 Juni.