Maji Aliyokatazwa Munyao

Jumatatu, 9 Machi 2026

Mume wangu Munyao ameanguka. Saa nne asubuhi, dukani kwake Tala — ngazi imeteleza akishusha mabati. Kisogo kimegonga sakafu ya simiti. Nilikuwa kwenye kikao cha bunge la kaunti. Kisilu, anayeuza naye, alinipigia simu mara tatu kabla sijashika.

Nimeandika habari za ajali miaka ishirini na miwili. Leo nimeuliza maswali yale yale. Urefu gani? Futi nane. Nani aliona? Kisilu.

Hospitalini, picha ya kichwa inaonyesha ubongo umechubuka. Hakuna upasuaji kwa sasa. Anafungua macho akiitwa. Hasemi.

Jumanne, 10 Machi

Dkt. Nzilani amenieleza kuhusu uvimbe. Niliandika, kisha nikamsomea arekebishe.

Seli za ubongo zina vijia vidogo vya protini, vinavyopitisha maji tu. Maji hufuata chumvi. Damu ikipungukiwa chumvi, maji yanaiacha na kuingia ndani ya seli kupitia vijia hivyo. Seli zinavimba. Fuvu ni mfupa, halipanuki. Kwa hiyo Munyao anapewa dripu ya maji ya chumvi, iliyopimwa. Kwa mdomo, hakuna. Hata kumeza hamezi vizuri.

Nikauliza kwa nini wasivifunge hivyo vijia. Amesema dawa hana, watu bado wanaitafuta. Na angekuwa nayo angeiogopa, kwa sababu kuna uvimbe ambao maji yake hutoka kwa vijia hivyo hivyo unapopungua.

"Kwa hivyo mlango ni mmoja?"

"Ni mmoja. Mimi kazi yangu ni kuchunga chumvi. Lakini usiandike kwa gazeti eti daktari amekuwa mpishi."

Jioni mama mkwe wangu, Mbula, amefika kutoka Ndithini. Namwita Mwaitu, mama, kama Munyao anavyomwita; yeye huniita Mama Mutanu, kwa jina la mwanetu. Kiondo begani, chupa ya maji ya kwao ndani. Nimemweleza yote: hapewi maji. Amesikiliza. "Sawa." Amekubali haraka mno. Nilipaswa kuliona hilo.

Jumatano, 11 Machi

Chumvi 139. Nzuri.

Nimemwambia Munyao aminye kidole changu. Ameminya. Mara mbili.

Nimemnyoa ndevu. Hajawahi kuzipenda. Ana kovu dogo chini ya kidevu ambalo nilikuwa nimelisahau — tumekaa pamoja miaka kumi na tisa.

Mchana nimemwachia Mwaitu zamu, nikaenda kupeleka habari ya kikao ofisini. Niliporudi alikuwa anamwimbia polepole. Sikuingia mpaka amalize.

Alhamisi, 12 Machi

Chumvi 128. Analala zaidi. Haminyi.

Dkt. Nzilani ameuliza kama amepewa chochote kwa mdomo. Muuguzi: hapana. Mimi: hapana. Basi, amesema, huenda ni ubongo ulioumia unaufanya mwili ushikilie maji, na dawa yake ni nyingine. Ameenda kuagiza vipimo.

Nilijibu hapana bila kumuuliza mtu. Mwandishi wangu mchanga angefanya hivyo ningemrudishia habari yake.

Nikarudi kuangalia. Kola ya Munyao imelowa. Kwenye kiondo, kijiko. Chupa iko nusu.

Nimemuuliza Mwaitu kama ninavyowauliza wakubwa: swali fupi, kisha nyamaza.

"Vikombe vitatu," amesema mwishowe. "Tangu jana. Kijiko kwa kijiko."

"Mwaitu, nilikuambia."

"Uliniambia. Midomo ilikuwa imepasuka, Mama Mutanu. Kwetu mgonjwa haulizwi kama ako na kiu. Anapewa. Mwaka ule mto ulikauka nilitembea tangu alfajiri nikamletea huyu, akiwa mdogo hivi. Leo niko na chupa hapa karibu na nimnyime?"

Nikamwambia vikombe vitatu kwa mtu mzima si kitu, lakini kwa kichwa hiki ni vingi. Daktari lazima ajue, la sivyo atatibu kisichokuwepo.

"Utaniandika?"

"Sikuandiki. Nitasema nilikuwa mimi."

Sijawahi kupendekeza uongo kwa sauti tulivu namna ile. Mkaza mwana hamshtaki mama mkwe mbele ya wageni. Niliona hiyo ndiyo njia. Mwaitu amefunga leso kiunoni. "Wewe ulikuwa kazini. Nani atakuamini?" Akatoka. Nimemsikia kwenye korido akimwambia daktari: mimi mama yake, vikombe vitatu, kijiko hiki.

Daktari hakumgombeza. Alimuuliza saa. Amezikumbuka zote.

Ijumaa, 13 Machi

Dripu ya chumvi kali tangu jana. Inapandishwa polepole — ikikimbizwa inaumiza ubongo. Asubuhi: 131.

Mwaitu amempa muuguzi chupa akaimwage. Amesimama pale sinki mpaka imekwisha.

Saa nane na dakika kumi. Munyao amefungua macho bila kuitwa. Akaniona, akamwona mama yake. Akasema. Neno la kwanza tangu Jumatatu, kwa Kikamba, wazi kabisa — maji.

Daktari ameitwa. Hajafika.

Anaomba tena. Sasa kwa adabu, kama mtu aliye ugenini. Mwaitu amenitazama. Nimetikisa kichwa. Mwaitu anatabasamu na machozi yanamtoka, na hayafuti, maana amekalia mikono yake yote miwili.

"Niombe kitu kingine, mwanangu," anamwambia. "Kitu kingine chochote."