Mama Mkwe Wako Ameuchukua Mmea wa Mama

Mtaa wa Juu,
Medea.
22 Machi 1986

Mpendwa Dada Nasira,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo huko Marseli? Kifua kimepona? Na shemeji Tayibu, bado anakoroma kama lori la mchanga? Sisi wazima. Baba goti linamsumbua kukiwa na baridi, na mimi nimerefuka mno. Ukirudi utaniita kaka.

Salamu zimekwisha. Sasa nina hasira, na usinikatize.

Mama mkwe wako, Bi Wardiya, ameuchukua mmea wa Mama. Ndiyo, ule ule sikio la tembo uliotoka kwa bibi kule Blida kabla nyumba yake haijabomolewa. Majira yote ya baridi ulikuwa hamamu kwa Bi Fatiha, kwenye joto la chumba cha kuvulia nguo, pamoja na madebe ya mimea ya mtaa mzima, kama kila mwaka. Unajua mimea inavyotoka humo: imepukutika, imebaki vigogo na jani moja moja. Siku ya kuichukua, Bi Wardiya alitangulia, akabeba debe letu, akatuachia lake.

Na Mama alikuwepo! Aliona kwa macho yake, akanyamaza.

Mimi sikunyamaza. Nilikwenda mpaka mlangoni kwake.

"Bi Wardiya, umekosea debe."

"Nimekosea nini, wewe uliyefukuzwa shule? Yote si masikio ya tembo?"

"Hapana, bibi wee. Letu jani linatazama juu, na kikonyo kimeshika pale pale jani linapogawanyika. Lako limeinamisha uso, na kikonyo kimeingia tumboni mwa jani. Lako ni gimbi, la kuliwa. Leo asubuhi nusura nilitie kwenye mchuzi wa dengu."

"Profesa wa majani! Nenda kapanguse kamasi kwanza."

Alikuwa ameuweka mmea wetu katikati ya ua, wageni wauone. Nikamwambia basi angalau aurudishe ndani, mforosadi haujachipua, baridi bado inang'ata. Akanifungia mlango puani.

Baridi si mkwe wa mtu. Ilikuja usiku wa pili, umande ukaganda mpaka juu ya kuta. Asubuhi jani lilikuwa linaning'inia jeusi, kama tambara la kudekia.

Hodi nilipiga, jibu sikungoja. Nilibeba debe begani, yeye nyuma yangu anapiga kelele, "Mwizi! Mwizi!" Nikamjibu mtaa mzima usikie, "Mwizi amebaki nyumbani kwake!" Nilipendeza, dada. Ungekuwepo ungepiga vigelegele.

Mama alikibonyeza kigogo: juu laini, chini kigumu. Nilikikata mpaka penye nyama nyeupe, nikapaka jivu, nikakiweka nyuma ya jiko. Maji hakipati hata tone, maana ukikinywesha sasa kitaoza. Bado hakijachipua. Kila asubuhi Mama anakigusa kabla ya kunywa kahawa.

Sasa sikia kilichonichoma hasa. Jana nimemkuta Mama anapanga baghriri, zile chapati laini za matundu, kwenye sahani, anazimwagia asali. Za nani? Za Bi Wardiya! Anakwenda kumwomba radhi kwa ajili yangu! Nilipofoka, akaniambia, "Nasira yuko mikononi mwao, mwanangu. Huu ni mmea tu."

Mmea tu! Na ndio kitu pekee kilichobaki cha mama yake!

Kwa hiyo na wewe nakukasirikia kidogo. Barua zako zimejaa hali ya hewa na bei ya samaki. Hujasema hata mara moja kama wanakutendea vizuri, na Mama anajaza mwenyewe yale usiyoyaandika. Nijibu hilo tu, kwa mkono wako, si kwa mkono wa shemeji. Kama huna shida, mwambie Mama waziwazi, nimsomee kwa sauti, asipeleke tena sahani kwa mtu aliyemdhulumu. Kama una shida, sema pia. Nitakuja. Sijui nitakujaje, lakini unanijua.

Msalimie Dalila, mwambie mjomba wake ana nguvu kuliko Medea nzima. Baba na Shangazi Yamina wanakusalimu. Shemeji mpe nusu salamu. Nyingine atapata jibu likifika. Mungu akuweke penye joto na watu wema.

Mdogo wako akupendaye hata akifoka,
Lamini