Barua ya mapenzi iliyosahihishwa darasani

Dada yangu Furaha,

Nakukumbatia kutoka Rusizi, nikiwa na furaha isiyoenea kwenye kadi hii. Leo nilimsindikiza mume wangu chuoni anakofundisha uandishi. Wanafunzi wake walikuwa wakimletea kazi zilizoandikwa na akili bandia, naye akaogopa kwamba hawatafikiri tena. Basi akaiagiza akili bandia hiyohiyo iniandikie barua ya mapenzi, akawasomea, akawaambia waisahihishe.

“Prof, hii inaweza kwenda kwa bibi ya kila muntu,” msichana mmoja akasema. “Madamu eko wapi mule ndani?”

Darasa zima likacheka. Kisha kila mmoja akaandika barua kwa mtu wake, akasimama kuitetea, hata wale wasiosemaga kitu. Mume wangu naye akasoma yake: eti ninakula sambaza, vile visamaki vya ziwani, kuanzia kichwa huku nimefumba macho, na nikilala ninamshika sikio. Dada, niliona haya, na bado sikutaka anyamaze.

Wanafunzi walimpa alama kumi na nne kwa ishirini. Mimi ningempa zote, lakini hakuna aliyeniuliza.

Umbusu Mama kwa ajili yetu sote wawili.

Neema wako