Kinachovunjika Hakisafiri

Usagara, nyuma ya msikiti,
Tanga.
18 Septemba 2025

Mpendwa Shangazi Mwanaasha,

Shikamoo Shangazi. Naanza na mguu wako, maana hapa kwetu kila mtu anaulizia mguu kabla ya kumuulizia mwenye mguu. Uvimbe umepungua? Mwanao Haroub alipopiga simu alisema umekatazwa kusimama, nawe unasimama tu, unaanika karafuu juani kama vile Wete nzima haina mwingine. Nikamwambia akuache, hiyo ndiyo damu yetu. Na yeye Haroub na mkewe Nasima hawajambo? Na mtoto wao, meno yameshatoka au bado anang'ata ufizi?

Sie wazima, alhamdulillahi. Mama alikohoa kwa vumbi la kufungafunga vitu lakini sasa hajambo. Joto ndiyo limeshaanza. Mie mwenyewe mzima, ila nina chubuko gotini, na habari yake inakuja.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia barua ya karatasi siku hizi za simu. Simu yenu anaishika Haroub, na Haroub akipata meseji huisomea baraza zima. Hili nataka ulijue kwa mdomo wangu kabla Baba hajakupigia. Atakwambia Shadya siku hizi hana adabu. Nisikilize kwanza, halafu uniombee dua au unilaani, vyovyote.

Baba kahamishwa. Tunakwenda Songea. Lori la jeshi linaondoka kesho asubuhi.

Unamjua mdogo wako na uhamisho. Toka nizaliwe tumekaa Tabora, tukaenda Monduli, tukaja hapa, na kila tukihama analo neno lake moja: kinachovunjika hakisafiri. Kwa neno hilo Mama aliacha mtungi wake Tabora. Kwa neno hilo kabati la vyombo lilibaki Monduli na vyombo vyake ndani. Anagawa kwa majirani, anashukuriwa sana, sie tunapanda lori na masufuria. Nyumbani kwetu, Shangazi, hakuna kikombe kilichoniona mtoto.

Sasa safari hii zamu ilikuwa ya mapambo. Ile mipira ya kioo ya Bibi Kijakazi, Mungu amrehemu, ya kijani na ya buluu, yenye kulabu za shaba, mliyokuwa mkiitundika wewe na Baba utotoni kila Mfungo Sita yakisomwa maulidi, na kila Idi. Bibi alipofariki ni wewe uliyesema ikae kwetu. Pamoja nayo nina vibendera vya karatasi nilivyokata mwenyewe, na taa za kumetameta. Maulidi yalipokwisha tu, Baba akatangaza wakati tunakula: mipira apewe jirani, vibendera vitupwe. Songea hatuna ndugu hata mmoja, nani atakuja kuyaona hayo mapambo?

Nikasema, "Tutayaona sisi."

Mama akaanza kukusanya sahani zenye chakula.

Baba hakufoka. Aliniuliza kwa ule upole wake wa kijeshi unaotisha kuliko kelele, kama njia ya kwenda Songea naijua. Nikamwambia nitafunga mwenyewe, kwenye tranka langu, na nguo zangu nitazivaa zote mwilini ikibidi. Akacheka. Kile kicheko ndicho kilichonipandisha. Nikamwambia mie nifunge, yeye alirushe tranka kutoka juu ya lori mbele ya askari wake. Ukivunjika mpira hata mmoja, nagawa yote kwa mkono wangu. Isipovunjika, inakwenda Songea na lile neno lake alizike. Mama akasema astaghafirullah, huyu anaongea na nani. Baba akaweka kikombe chini akasema haya, tumeahidiana.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba sijui kufunga kitu.

Sikutaka kuijaribia mipira, nikajaribia mayai. Nikatazama video kwenye simu, watu wanafunga vioo kwa plastiki zenye vipovu, sie huku tutazitoa wapi? Nikaanza na makumbi ya nazi, mayai yote yakapasuka, maana makumbi yakikauka ni magumu kama miti. Nikaingia kwenye nguo kuukuu: ya pembeni yakapona, ya katikati yakagongana yenyewe kwa yenyewe. Tukawa tunakaanga mayai asubuhi na jioni. Mama akasema kuku wa Usagara nzima wameshanishtaki kwa Mungu. Baba akawa ananiuliza kwa kejeli kama mazoezi yanaendelea vizuri.

Aliyeniokoa ni Godlisten, jirani yetu anayefanya kazi kiwanda cha katani. Nilimkuta nje kwake anashona godoro, anajaza makapi ya katani, yale manyoya yanayobaki nyuzi zikishachanwa. Nikaomba gunia, akanipa, akanicheka na yeye. Lakini siri nimeigundua mwenyewe, Shangazi, hakuna aliyenifundisha: usishindilie. Mtu akiogopa kitu kisivunjike hukishindilia, na kule kushindilia ndiko kunakokivunja. Unachambua katani mpaka iwe laini kama pamba, unauviringishia mpira mpaka uwe kama umo kwenye kiota, unautia ndani ya sufuria, sufuria unaivika kanga. Kati ya sufuria na bati la tranka unaacha katani nyingine ya kubonyea na kurudi. Ukilitikisa tranka husikii kugonga, unasikia kama mtu anashusha pumzi. Kulabu nimezivua zote nikazifunga kitambaa, maana adui wa kwanza wa mpira ni kulabu yake. Taa nimezizungushia kwenye kandambili kuukuu zisifungane mafundo. Vibendera nimeviviringisha ndani ya bomba la plastiki, na karafuu zako nimezitia humo wadudu wasisogee.

Nikaliangusha kutoka juu ya ukuta na mayai ndani. Halikupasuka hata moja. Nikayatoa, nikaifunga mipira.

Leo adhuhuri lori likafika na vijana wawili wa Baba. Na majirani, maana habari ilishafika mpaka sokoni. Baba akapanda juu na gwanda lake lote, akalinyanyua tranka langu, akaniangalia. Nami nikamwangalia. Akaliachia.

Shangazi, kabla sijafungua nikasikia harufu. Ndimu. Ndimu na pilipili.

Kumbe Mama, alipoona ile katani ilivyolala vizuri, asubuhi akanichomekea humo chupa yake ya achari bila kuniambia. Songea achari ya kwetu ataipata wapi? Baadaye alisema hakufikiri kama Baba atarusha kweli, alidhani ni maneno tu.

Nikafungua. Nikatoa mpira mmoja mmoja mpaka wa mwisho. Yote mizima, Shangazi. Yote! Katani imeinywa achari, na bomba la vibendera halikuguswa. Lakini chupa ilikuwa vipande vipande. Baba akateremka, akaokota kimoja, akakiinua watu wakione.

"Hiki nini?" akasema. "Kimevunjika."

Nikamwambia tuliahidiana mipira, hatukuahidiana achari. Akasema tranka ni moja. Mama akaingilia, akasema chupa ni yake na aliitia uchi bila kuifunga na chochote, mwenye makosa ni yeye. Baba akamwambia asinitetee. Kijana mmoja akacheka, Baba akamtazama, cheko likaishia njiani. Jirani aliyeahidiwa mipira alishasogea mpaka karibu, anatengeneza mtandio.

Basi hapo ndipo nilipofanya lile atakalokushtakia. Nilirudisha kila kitu kwenye katani kavu, nikalifunga tranka, nikalipandisha lorini peke yangu, bati ndilo lililonichuna goti. Nikalikalia. Sikupiga kelele. Nikasema, "Baba, ukilishusha hili, nishushe na mie. Nitabaki Tanga na vitu vya Bibi."

Na nilikuwa nasema kweli. Nilishajua nitalala wapi. Ningeomba chumba kwa mama yake Godlisten, ningechana katani, ningeishi. Sitaki tena kuanza kila mahali kama mtu aliyezaliwa jana.

Sasa, masanduku yetu yote yana jina la Baba kwa rangi nyeupe, SAJENTI SABIRI na namba yake ya jeshi, na sanduku lisilo na jina halipakiwi, ndiyo sheria yao. Yule kijana akasema kwa woga, afande, hili halina jina. Baba akasema leteni rangi. Likaletwa kopo na brashi, akaviweka pembeni ya miguu yangu, akangoja niteremke aandike.

Sikuteremka. Nilichukua brashi, nikainama pale pale nilipokaa, kichwa chini, nikaandika ubavuni: KIJAKAZI. Chini yake nikaandika: SHADYA.

Baba akapinda shingo akasoma. Akasoma muda mrefu kuliko hayo maneno mawili yanavyohitaji.

"Herufi zimekwenda upogo," akasema.

Kisha akapanda, akashika tranka upande mmoja, akalisukuma mie nikiwa juu yake mpaka mbele kabisa nyuma ya kabini, pale ambapo lori halirushi sana, akapitisha kamba. Hakuniambia neno jingine mpaka sasa. Chakula cha jioni kala, maji kaomba kwa Mama.

Kwa hiyo akikupigia, Shangazi, usimtetee kwa kuwa ni mdogo wako. Kama nimekosa adabu, basi Idi ikifika nitaikosa tena, maana nitatundika kila mpira, hata ikiwa nyumba tutakayopewa haina msumari.

Barua hii anakuletea Idarusi, yule jirani yenu anayekuja Tanga kuchukua machungwa. Anakuletea na kopo la maziwa. Fungua polepole, toa katani. Ndani kuna mpira mmoja wa buluu niliouchomoa trankani jioni hii, huo ni wako, utundike Wete siku tutakayotundika sie Songea. Ukiukuta mzima, usingoje Baba akupigie, mpigie wewe umwambie. Ukiukuta umevunjika, nyamaza, Shangazi yangu, mie sijakwambia kitu.

Mama anakusalimu sana na anaomba umfundishe tena ile achari. Nisalimie Haroub, mwambie barua hii si ya barazani. Msalimie Nasima, mbusu mtoto kwenye hayo meno yake. Mungu akupe mguu wa kukufikisha Songea, nasi atufikishe salama, watu na vioo.

Ni mimi nikupendaye, niliyekalia tranka,

Shadya binti Sabiri