Jina la Mama Ndani ya Gitaa

Takoradi, Jumatatu

Kaka Ebo mpendwa,

Ni matumaini yangu kwamba barua hii inakukuta mzima huko Tamale, wewe, wifi na watoto. Sisi huku hatujambo. Goti la Mama limetulia, na moyo wangu nao umetulia, kwa mara ya kwanza tangu tumzike Baba.

Najua hujayasahau maneno ya Ato Bentsil, mwenzake Baba wa bendi, pale mazishini. Mbele ya waombolezaji wote alisema gitaa la kwenye santuri ya bendi yao alilipiga yeye, na Baba alikuwa mbeba spika tu. Mama akajifunika uso. Ulitaka kumvaa, nikakushika mkono. Kimya kingi kina mshindo mkuu, kaka.

Basi nikaanza kwenda kwake kila Jumapili, wapenzi wa santuri wanapokutana kunywa bia na kubishana kama hedifoni ghali zinatoa mengi zaidi ndani ya muziki. Ato hushikilia kwamba zinatoa, na kwamba sisi wa hedifoni za barabarani tunakula maganda tukidhani ni ndizi. Nikawa namwitikia. Nikamwambia sikio kama lake kulilisha vitu rahisi ni dhambi. Akavimba kichwa, akauza pikipiki, akaagiza hedifoni kutoka Japani.

Jana alizizindua. Nikamwomba aanze na santuri ileile. Akamvisha kwanza Mzee Arhin, yule mwalimu mstaafu aliyeongoza mazishi, akamwambia asikilize vizuri, humo hata nzi akipita atamsikia. Gitaa lilipokaribia kuingia peke yake, mzee akafumbua macho, akauliza taratibu, “Ato, mbona hii sauti ya marehemu? Na anamwita mkewe, Araba Kuma.”

Unakumbuka Baba hakuweza kuanza kupiga bila kulinong'ona jina la Mama, eti vidole visimsaliti. Wote wakavaa, mmoja mmoja, wakasikia. Ato akasema ni mikwaruzo tu. Nikamuuliza, “Kwani mjomba, hizi nazo ni za barabarani?”

Sasa nikuambie nisilomwambia mtu. Sauti ile niliisikia zamani, kwenye hedifoni zangu zenye waya uliofungwa kwa utepe wa gundi. Inasikika wazi kwa anayejua pa kusikiliza. Ningeweza kusema mapema, ila nilitaka ushahidi aununue mwenyewe.

Na leo asubuhi alikuja na chupa ya kuombea radhi. Mama alikuwa uani akifunga madonge ya kenke kwa maganda ya mahindi. Nimemrudisha na chupa yake mlangoni, na Mama sijamwambia, maana angepokea, unamjua. Nimemwambia Ato aliyemtukana mtu mbele ya umati hamwombi radhi uani. Mwezi ujao Baba anatimiza mwaka. Aje siku hiyo, asimame palepale, mbele ya watu walewale.

Mama anakusalimu sana, na mwambie wifi kitambaa chake nimekipata. Usikose kuja. Nitakuwekea kiti cha mbele, na siku hiyo hedifoni hutazihitaji.

Dada yako,
Mansa