Rangi ya Buluu Iliyopotelea Kwapani

Bi Shamimu wa gazetini, shikamoo yangu huipati maana nina hakika mie ni mkubwa kwako, ila msaada wako nauomba kwa magoti, yale yaliyobaki. Mie nauza khanga sokoni Tandika, shule niliishia darasa la nne, lakini kwa rangi hakuna profesa wa kunifundisha, na tangu mizigo ianze kuingia ovyo kutoka nje nimeona feki za kila aina, nikishika khanga nalowesha kidole kwa mate nasugua, rangi ikitoka narudisha mzigo. Sasa mke wangu Zubeda ana saratani ya titi, nikampeleka hospitali mjini, daktari akasema ipo njia mpya, atamchoma sindano ya rangi ya buluu kwenye titi, rangi itembee mpaka kwapani iipake tezi ya kwanza, waitoe hiyo waipime, ikiwa safi nyingine wanaziacha, tukakubali, akapasuliwa, kutoka naambiwa rangi haikuonekana kwapani kwa hiyo wamezitoa zote! Kesho yake Zubeda kaenda msalani kaniita, "Baba Misbah, njoo uone maajabu," nakuta mkojo wa kijani kama maji ya mchicha, nikacheka mpaka nikashikilia mlango, halafu kicheko kikakatika, nikajua rangi ile feki, imechuja. Kidonda kimekauka, majibu yametoka, eti baadhi ya tezi zina ugonjwa, Jumatatu aanze mionzi, mie nimekataa, nirudi vipi duka lililoniuzia rangi mbovu, yupo mtu Mbagala ana dawa ya mizizi, Zubeda analia, "Nipeleke mionzi," namwambia wewe unajua nini kuhusu rangi. Nimkabidhi nani mke wangu?

Mzee Hija, Mtoni

Mzee Hija, shikamoo, hata kama hukuidai. Pole kwa kuuguza. Sasa futa mate kidoleni unisikilize.

Rangi ya khanga kazi yake kushika. Ile ya Zubeda kazi yake kutembea, na ikishatembea hutoka na mkojo. Kijani kile ni kawaida yake. Nimemuuliza daktari wa saratani, si huyo wenu, kwa nini basi haikuonekana kwapani. Kasema wakati mwingine tezi imeshajaa ugonjwa, njia imeziba, rangi haina pa kuingia. Na tezi za Zubeda zimekutwa na ugonjwa, umeandika mwenyewe! Au mgonjwa ana umri mkubwa, au mnene, au aliwahi kupasuliwa upande ule. Hata mkono wa daktari, njia ikiwa mpya kwake, unaweza kukosea, hilo sikufichi. Na zipo siku sababu haijulikani. Ndiyo maana rangi isipoonekana hawabahatishi, wanatoa tezi wanazipima. Wangeziacha, ungejuaje kwamba ugonjwa umo?

Khanga mbovu unairudisha, unaletewa nyingine. Zubeda wa pili atashushwa bandari gani?

Mwenye kwapa ameshasema anataka mionzi. Jumatatu funga meza yako, mpeleke. Maswali yako ya rangi muulize daktari, Zubeda akiwa amekaa hapo hapo anasikia. Huyo wa mizizi mwache Mbagala. Na mkono wa upande uliopasuliwa unaweza kuvimba, kwa hiyo ndoo asibebe, bombani nenda wewe. Nguo zake pia kamua wewe. Si umesema kwa khanga huna mwalimu?